Pamba za Wizara ya Usikivu

Katika nchi moja ambayo haipakani na yetu, na ambayo watu wake hawafanani nasi hata kidogo, Serikali iliamua kusikiliza. Uamuzi ulipitishwa na Baraza zima la Mawaziri kwa makofi ya dakika kumi na nne, na mawaziri wawili waliokuwa wamesinzia wakapiga makofi kuliko wenzao ili isijulikane. Kesho yake ikaundwa Wizara ya Usikivu. Ikapewa jengo la ghorofa sita kando ya barabara kuu, na juu ya lango lake likachongwa sikio la saruji, kubwa kama mtumbwi. Njiwa walilipenda sana. Haukupita mwezi wakawa wamejenga viota mpaka ndani kabisa ya tundu lake, na Wizara ikatoa taarifa kwamba katika nchi hiyo hata ndege wamepata pa kusemea.

Humo ndimo alimoajiriwa Bi Mashavu.

Bi Mashavu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mzito wa mwendo na mwepesi wa kucheka. Zamani alikuwa opereta wa simu, enzi zile ambapo huwezi kumpigia ndugu yako wa mji mwingine mpaka kwanza upitie kwa mtu. Miaka kumi na tisa alikaa mbele ya mtambo akiunganisha nyaya. Kanuni zilimkataza opereta kusikiliza maongezi ya watu, na ndiyo maana Mashavu alijua nani katika mji ule anataka kuoa, nani anataka kuacha, na nani anasema yuko safarini kumbe yuko nyumba ya pili. Mitambo ya kujiunganisha yenyewe ilipoletwa, akapunguzwa kazi, akarudi nyumbani kukaanga vitumbua. Kwenye barua yake ya kuomba kazi Wizarani aliandika sentensi moja tu ya maana: nina uzoefu wa miaka kumi na tisa wa kusikiliza.

Aliyeisoma barua hiyo ni Bwana Ndimbo, Mkuu wa Madirisha, mwanamume mwembamba aliyevaa tai hata siku za mapumziko.

"Uzoefu huo usikutie hofu," akamwambia. "Mafunzo yetu yatauondoa."

Mafunzo yalichukua wiki moja. Alifundishwa kutikisa kichwa kwa namna tatu: kwa huzuni, kwa matumaini, na kwa kuaga. Alifundishwa maneno matatu ya kazi, ambayo ni "ndiyo", "tumekusikia" na "anayefuata", na akaonywa asiyapange kinyume. Alipewa fomu yenye visanduku vitano. Kisanduku cha kwanza, hakuna maji. Cha pili, hakuna umeme. Cha tatu, hakuna barabara. Cha nne, hakuna dawa. Cha tano, natoa shukrani. Mwananchi akishasema, karani anatia alama ya vema kwenye kisanduku kimoja, anagonga muhuri wa IMESIKIKA, basi. Mwisho wa mafunzo Bwana Ndimbo akamkabidhi robo kilo ya pamba.

"Ya nini?" akauliza Mashavu.

"Ya masikioni. Ni kifaa cha kinga, kama vile helmeti kwa mjenzi. Kusikia ni kazi ya hatari, Bi Mashavu. Lalamiko likiingia bila kuchujwa linaweza kushuka mpaka moyoni. Mwaka jana tulimpoteza karani mmoja."

"Inna lillahi. Alifariki?"

"Aliacha kazi."

Mashavu akaitia pamba masikioni, akakaa dirisha namba saba. Siku za kwanza ilimkera. Baadaye akaizoea, na baadaye zaidi akaipenda, kwa sababu watu walikuwa wengi, shida zao zilikuwa nzito, na nyuma ya pamba zote zilifanana. Midomo ilicheza mbele yake kama ya samaki wa kwenye chupa. Yeye anatikisa, anatia vema, anagonga, anayefuata. Jioni akifika nyumbani mara nyingi alisahau kuzitoa.

Kila Jumanne alikuja kwenye dirisha lake Mzee Matitu. Huyu alikuwa fundi mwashi aliyestaafu, mjane, mwenye vidole vilivyokakamaa kwa saruji ya miaka mingi. Aliishi Mtaa wa Mtelemko, mtaa uliopanda ubavu wa kilima ng'ambo ya barabara. Juu kabisa ya kilima hicho, nyuma ya nyumba yake, Serikali ilikuwa imejenga tangi kubwa la maji.

"Shikamoo," anasema Mashavu, kwa kuwa salamu haikukatazwa.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa habari ya maji..."

Neno "maji" likitoka tu, Mashavu alikuwa ameshatia vema. Mzee aliendelea kusema, mikono yake ikipima kitu hewani, mara chembamba, mara kinene. Mashavu alimtikisia kichwa kwa huzuni.

"Tumekusikia."

"Mmenisikia mara nane, mwanangu."

"Anayefuata."

Wizara haikukaa bure na malalamiko hayo, tusije tukaisingizia. Kila fomu ya Mzee Matitu ilipelekwa Idara ya Maji siku ileile, na Idara, iliposoma kwamba Mtaa wa Mtelemko hakuna maji, iliongeza saa moja ya kusukuma maji kwenda kwenye tangi. Fomu nane, saa nane. Wahandisi walijipongeza. Hakuna mzee katika nchi nzima aliyewahi kushughulikiwa kwa haraka namna ile.

*

Mumewe Mashavu aliitwa Kitwana, naye alikuwa kinyozi. Duka lake lilikuwa chini ya kilima hichohicho, mwanzoni mwa mtaa. Kwa tabia alikuwa msemaji, kama vinyozi wote, lakini mezani kwake alipenda kusema na mtu mmoja tu, mkewe. Enzi za vitumbua walikuwa wakiongea mpaka chai ipoe. Sasa Mashavu alikula akimtazama usoni, anatikisa kichwa, anasema ndiyo. Kitwana alidhani ni uchovu. Akavumilia wiki, akavumilia mwezi.

Ijumaa moja jioni Mashavu alipakua wali, akaweka sahani mbili, akala, akatoa vyombo. Jumamosi akafanya vivyo hivyo. Jumapili, alipokuwa anaosha, ndipo akagundua kwamba sahani ya mumewe ya jana ilikuwa imejaa kama alivyoipakua, na ya juzi pia. Akaita chumbani. Kimya. Akatazama kwenye msumari wa mlangoni. Boksi la mashine za kunyolea halikuwapo.

Alikwenda mbio dukani. Akakuta mlango umepigiwa mbao, na kwenye ukuta wa nyuma kuvu imeota, kijani kibichi. Kutoka hapo akaenda moja kwa moja kwa dada yake Kitwana, na hakukosea: alimkuta mumewe kibarazani, amemweka jirani mmoja kwenye kigoda, amemnyoa nusu ya kichwa.

"Kitwana! Duka limefungwa!"

"Lilifungwa mwezi uliopita," akapaza sauti Kitwana.

"Mwezi uliopita? Na hukuniambia?"

Kitwana akakung'uta nywele kwenye shuka, taratibu. "Nilikuambia mara tisa. Nilikuambia ukuta wa nyuma unatoka jasho, ukasema ndiyo. Nikakuambia kioo kimebanduka kwa unyevu, kimevunjika. Ukatikisa kichwa, tena ulitikisa vizuri, kwa huzuni. Nikakuambia mwenye nyumba ameshindwa, amefunga. Ukasema tumekusikia. Nikajiuliza, yeye na nani? Alhamisi nikakuambia mke wangu, mimi naenda kwa dada, na sirudi mpaka mtu aniulize kwa nini. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Mashavu hakukumbuka.

"Ulisema anayefuata."

Yule jirani wa nusu kichwa akacheka, akaona anacheka peke yake, akanyamaza.

"Na hata sasa," akasema Kitwana, "una pamba masikioni."

Mashavu akapeleka mkono sikioni. Ni kweli. Akazitoa, zote mbili, na kibaraza chote kikamwingia kwa kishindo: kuku, watoto, kinu cha jirani, na pumzi ya mumewe. Aliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yake. Akaketi kwenye ngazi.

"Anza upya, baba. Anzia kwenye ukuta."

"Ukuta unatoka jasho, ndiyo hivyo."

"Jasho lilianzia juu likashuka, au lilianzia chini likapanda?"

Kitwana alibaki na mashine hewani. Ilikuwa miezi tangu aulizwe kitu. "Lilianzia chini," akasema. "Upande wa nyuma, unaotazama kilima. Kama maji yanapita ndani ya ardhi."

"Yana harufu?"

"Ya dawa. Ile ya maji ya bomba."

Mashavu akageuka, akakitazama kilima. Akamkumbuka mzee mmoja na mikono yake hewani, mara chembamba, mara kinene.

Jirani akasubiri sana siku ile. Inasemekana nusu ya pili ya kichwa chake ilinyolewa Jumatatu.

*

Jumanne Mashavu aliketi dirishani bila pamba, kama alivyofanya jana yake. Mzee Matitu akafika na bahasha ya nakala zake zenye mihuri.

"Nimekuja kwa habari ya maji, mwanangu..."

"Endelea, mzee."

Mzee Matitu akashtuka. Hii ilikuwa mara ya kumi na mbili anakuja, na hajawahi kulivuka neno lile. Sentensi iliyobaki ilikuwa imemlalia mdomoni mpaka imekakamaa.

"Niendelee?" akauliza. "Kweli?"

"Endelea. Nakusikiliza."

"Maji yamezidi. Lile tangi lina ufa. Nilipokuja mara ya kwanza ulikuwa wa unywele. Mara ya tano ulikuwa wa kidole. Mimi ni mwashi, mwanangu, naujua ukuta unaotaka kulala. Kila nikija kusema, wanaongeza maji. Nikasema labda nisije tena, huenda wakapunguza. Lakini nikinyamaza ndiyo nimefanya nini?"

Mashavu akatazama fomu. Hapakuwa na kisanduku. Akachukua kalamu, akaandika pembeni kwa mkono wake: *Maji yamezidi. Tangi lina ufa. Litapasuka.* Kisha akafunga dirisha, akapanda ghorofa ya pili kwa Bwana Ndimbo.

Bwana Ndimbo aliishika fomu kwa ncha za vidole. "Umeandika nje ya kisanduku."

"Ndiyo, bwana. Lakini isome."

"Siwezi kusoma kilicho nje ya kisanduku. Kisheria hakijaandikwa."

"Basi niipeleke mwenyewe Idara ya Maji."

"Idara ya Maji haipokei watu. Habari zote za maji zinapitia kwetu." Akatikisa kichwa kwa matumaini. "Tumekusikia, Bi Mashavu. Na kwa kuwa umepanda, nina neno. Jana dirisha lako limesikia watu tisa. Dirisha namba nne limesikia mia mbili na kumi."

"Namba nne yuko nani?"

"Hayupo mtu. Tumefunga muhuri kwa mnyororo, wananchi wanajigongea wenyewe."

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu, Mashavu, Kitwana na Mzee Matitu walipanda kilima. Mlinzi wa tangi alikuwa amehama kibanda chake kwa sababu ya tope. Ufa ulianza chini, ukapanda mpaka juu ya kichwa cha Kitwana, na Mashavu alipotia kiganja kiliingia kizima. Akaweka sikio kwenye saruji. Miaka kumi na tisa ya nyaya ilikuwa imemfundisha kutofautisha ukimya na ukimya. Ndani ya ukuta ule kulikuwa na sauti ndogo, kama mtu anachana shuka polepole ili asiwaamshe walalao.

"Linaongea?" akauliza Kitwana.

"Linaaga," akasema Mashavu.

"Basi tuwaambie watu wahame," akasema Kitwana, akageuka kuanza kushuka.

Mzee Matitu akamshika mkono. "Hawatahama. Nimewaambia tangu ufa ulipoanza. Wamenizoea. Wananiita Mzee Ufa. Nikipita, watoto wanapiga kelele, litapasuka, litapasuka, kisha wanaanguka chini kwa kicheko."

*

Wiki mbili zikapita. Mashavu hakurudisha pamba. Watu wakagundua kwamba dirisha namba saba lina mtu ndani. Habari ikaenea, foleni ikazunguka jengo. Wengine walikuja na shida ambazo hazina hata ofisi, wakasema, wakaulizwa swali moja au mawili, wakaondoka wamenyooka mgongo ingawa hakuna walichopewa. Bwana Ndimbo alimwandikia Mashavu barua tatu za onyo kuhusu wastani wake.

Ya nne haikuwa onyo, ilikuwa tangazo. Alhamisi itakuwa Siku ya Kitaifa ya Kusikia. Mheshimiwa Makofi, Waziri wa Usikivu, atahutubia uwanjani mbele ya Wizara. Na kwa heshima yake mabomba mawili ya uwanjani yatarusha maji juu mithili ya mitende. Ili yaruke vizuri, tangi la Mtelemko litajazwa usiku kucha mpaka mdomoni.

Mashavu aliisoma mara mbili. Akaomba ruhusa ya kumwona Waziri, akaambiwa Waziri anafanya mazoezi ya kusikia, asisumbuliwe. Akarudi nyumbani, akamsomea Kitwana. Kitwana naye alikuwa anasikiliza vizuri siku hizo, maana alikuwa anasikilizwa.

"Kwa hiyo ni Alhamisi asubuhi," akasema Kitwana.

"Alhamisi asubuhi. Na hawatahama."

"Watu hawahami kwa sababu ya tangi," akasema Kitwana taratibu. "Ila nimenyoa mtaa ule miaka ishirini. Mtu yeyote mle ukimwambia kuna mahali atamaliza anachotaka kusema, atakwenda hata kwa magoti."

Wakatazamana.

Jumatano Kitwana alipita nyumba kwa nyumba na boksi lake. Alinyoa bure, na kwa kila kichwa alisema maneno yaleyale: kesho, kuanzia alfajiri, dirisha namba saba litawasikiliza watu wa Mtelemko peke yao. Kila mtu kwa zamu yake, mpaka amalize. Watoto pia. Asiyefika na familia nzima, nafasi imempita, asilaumu mtu. Mzee Matitu alikuja nyuma yake, kimya, asije akaharibu.

Alfajiri ya Alhamisi Mtaa wa Mtelemko ulivuka barabara. Walikuja wenye kesi za mipaka na wenye kesi za wakwe. Alikuja mtu kumshtaki jogoo wa jirani, na jirani akaja na jogoo kama shahidi. Wengine walibeba magodoro kwa kuwa walikuwa na mengi ya kusema. Mmoja tu alikataa, Bibi Hanuni wa nyumba ya juu, aliyesema yeye ana miaka themanini na hana la kulalamikia.

"Unalo," Kitwana akamwambia. "Unasumbuliwa na kinyozi asiyeondoka mlangoni kwako."

"Ni kweli!" akasema Bibi Hanuni. "Na nitakwenda kusema!" Kitwana akampandisha mgongoni, akateremka naye huku akitukanwa hatua kwa hatua.

Mheshimiwa Makofi alipowasili na msafara wake, akaona uwanja umefurika, machozi yakamlenga. Hajawahi kupata umati usiosombwa kwa malori. Akamwita karani wa dirisha lililovuta watu wengi kiasi hicho, akampa mkono mbele ya wapiga picha.

"Mheshimiwa," akasema Mashavu haraka, bila kuuachia mkono, "lile tangi pale juu litapasuka asubuhi hii. Tafadhali wazime pampu."

"Ahsante sana," akasema Mheshimiwa, akiitazama kamera. "Na wewe pia."

Akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Wako viongozi duniani wanaosikia kwa sikio moja. Sisi tunasikia kwa mawili! Wako wanaowasikia watu wao wakiwa macho. Sisi tunawasikia hata tukiwa usingizini! Nasema hivi, na mwenye masikio..."

Kilima kikatoa mshindo. Ulikuwa mshindo mmoja, mzito, wa chini, uliotikisa vioo vya ghorofa zote sita. Mheshimiwa Makofi alikuwa ameahidiwa mizinga ya heshima kwa miaka mitatu na hajawahi kupigiwa. Akadhani hatimaye amepigiwa. Akasimama wima, mkono kifuani. Bendi ya polisi, ilipomwona Waziri amesimama wima, ikapiga wimbo wa taifa. Na kwa kuwa sheria ya nchi hiyo inakataza kusogea wakati wa wimbo wa taifa, umati mzima ulibaki umesimama kama nguzo, ukitazama jinsi Mtaa wa Mtelemko unavyoteremka.

Kwanza paa la juu liliinama, kama mtu anayechungulia kisimani. Kisha nyumba zikaenda, moja ikiisukuma nyingine, mpaka barabarani. Maji yalipofika uwanjani yalikuwa yamechoka. Yaliwafikia watu vifundoni tu. Yalileta kandambili moja, sufuria, picha ya harusi ndani ya fremu yake, na mlango ulioelea ukiwa umebeba kuku watatu waliokaa kwa adabu kama wageni rasmi.

Bendi ikamaliza ubeti wa mwisho. Mheshimiwa Makofi akayatazama maji yaliyopanda mpaka kwenye soksi zake. Lakini mtu hapewi uwaziri bure.

"Ndugu wananchi," akasema, "mlilalamika hakuna maji. Haya!"

Kuna mtu mmoja, kwa mazoea tu, alipiga makofi. Kisha akasikia ukimya uliomzunguka, akaishusha mikono yake.

Mashavu alikuwa anahesabu. Kitwana alihesabu naye, Bibi Hanuni akiwa bado mgongoni, sasa amemshika shingo kwa mikono yote miwili na hatukani tena. Wakahesabu mara tatu. Watu wote mia sita na kumi na wawili wa Mtelemko walikuwa uwanjani, wamelowa miguu.

*

Tume ikaundwa. Ilikaa siku tisa, ikazipitia fomu zote, na ripoti yake ilikuwa ya haki tupu. Iliona kwamba wananchi wa Mtelemko, kwa kinywa cha mzee wao, walidai maji mara kumi na moja. Kwamba Serikali iliwapa. Na kwamba hakuna onyo lolote lililopokelewa ndani ya kisanduku. Ikapendekeza Mzee Matitu apewe ushauri nasaha kuhusu kujua anachotaka. Mashavu alipewa barua ya onyo kali kwa kusikiliza kupita kiwango. Kumfukuza haikuwezekana, kwa kuwa picha yake na Waziri ilikuwa imeshachapishwa kwenye kalenda.

Watu wa Mtelemko hawakuwa na pa kurudi. Walikaa palepale walipokuwa, ukumbi wa Wizara, ghorofa ya chini, juu ya magodoro waliyobeba kwa ajili ya foleni. Walipika kwenye ngazi. Makarani walipita juu ya watoto wakienda kazini. Bwana Ndimbo alitundika tangazo la kuwataka waondoke, wakalitumia kupepea jiko.

Asubuhi moja Mzee Matitu alifika dirisha namba saba. Hakuwa na bahasha. Mashavu akachukua fomu na kalamu.

"Sina lalamiko leo, mwanangu," akasema mzee. "Nilitaka tu kukuambia habari ya nyumba yangu. Ilivyokuwa. Kama una nafasi."

Mashavu akaiweka kalamu chini.

Mzee akasema. Alisema jinsi alivyopandisha matofali kilimani kwa kichwa, manne manne, kwa sababu punda wa kukodi alikataa mwinuko. Alisema mkewe alivyochagua upande wa dirisha, akalitaka la mashariki, kisha akalalamika maisha yake yote kwamba jua linamwamsha. Alisema ni chumba gani walimozaliwa wanawe, na ni kipi alimofia mama yao. Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni waliacha kusukumana. Mwanamke mmoja aliepua sufuria isichemke kwa kelele. Mashavu alikuwa ameegemea mbele, kidevu karibu kinagusa mbao za dirisha, na mara mojamoja alisema, "Na sakafu?" au, "Mama akasemaje?"

Bwana Ndimbo akashuka ngazi, saa mkononi. Mtu mmoja alikuwa ameshika dirisha kwa zaidi ya saa nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu Wizara iundwe. Akapenya katikati ya watu mpaka mbele, akafungua mdomo kusema "anayefuata".

Mzee Matitu alikuwa amefika kwenye mlango wa mbele. Ulikuwa wa mninga, alisema, aliuchonga mwenyewe kwa mwezi mmoja, na siku ya kuutia bawaba mtaa mzima ulikuja kutazama.

Bwana Ndimbo alisimama pale mdomo wazi. Kisha, kwa sauti ambayo wafanyakazi wake hawakuwahi kuisikia, akauliza:

"Ulikuwa unafungukia ndani, au nje?"

Mzee Matitu akageuka, akamtazama yule mtu wa tai.

"Nje," akasema. "Nilikosea bawaba siku ile ya kwanza. Watu walikuwa wengi, nikaona haya kusema."